Galeri moja, wachoraji sita, mitindo sita: nipange vipi ukutani hapa Dodoma?

Ukuta Mweupe

Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada wa watu wanaoijua kazi ya kutundika na kutunza picha.

Galeri ninayoisimamia hapa Dodoma inawakilisha wachoraji sita wa mikoa ya kati na hakuna wawili wanaofanana. Yupo wa Tingatinga, anatumia rangi ya mageti juu ya kitambaa cha marekani. Yupo anayechora mashetani kwa kufuata njia ya msanii George Lilanga. Yupo wa mandhari kwa rangi za mafuta: mibuyu, nyumba za tembe, ng'ombe, mashamba ya zabibu, picha kubwa hadi sm 100 kwa 150. Wa nne ni wa dhahania, yaani picha zisizoonyesha kitu halisi, anachanganya akriliki na udongo mwekundu. Wa tano anachora sura za watu kwa mkaa juu ya karatasi. Wa sita ni dada wa batiki.

Chumba kina urefu wa m 9, upana m 5, dari iko m 3. Mlango upo ukuta mfupi wa mashariki, na ukuta mfupi wa magharibi una madirisha mawili makubwa. Kuta ni za tofali za saruji zenye plasta. Kazi zilizopo ni 38, wastani wa upana ni sm 60.

Maswali yangu: kila mchoraji apewe kipande chake cha ukuta au nichanganye? Nifanyeje na jua la mchana na vumbi? Na kuna picha mbili za Tingatinga zilifungwa nailoni, sasa nailoni imeshikana na rangi. Zitaokoka?

---

Fundi Fremu Dom

Anza na hesabu kabla ya mitindo, ndugu. Kuta ndefu mbili ni m 18. Kuta fupi, ukitoa mlango na madirisha, zitakupa kama m 2 za kutumika. Jumla m 20. Picha 38 za wastani wa sm 60 zinahitaji karibu m 23 zikiwa zimegusana. Haiwezekani. Tundika 20, hizo zitakula m 12, zibaki m 8 za nafasi, yaani kama sm 40 kati ya picha na picha. Nyingine 18 ziende stoo, uwe unabadilisha kila wiki sita hadi nane. Ukijaza ukuta hadi darini, mteja ataomba bei ya vinyago vya kando ya barabara, na hutakuwa na la kumjibu.

Urefu: katikati ya kila picha iwe sm 150 kutoka sakafuni, kubwa kwa ndogo. Usilinganishe kingo za juu wala za chini kwa picha zenye vimo tofauti, linganisha katikati. Kupata mahali pa skrubu: 150, jumlisha nusu ya kimo cha fremu, toa umbali wa kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi waya ukiwa umevutwa. Mfano, fremu ya kimo cha sm 80 ambayo waya wake uko sm 7 chini ya ukingo: 150 + 40 − 7 = 183. Toboa sm 183. Vuta waya kwa kidole unapopima, kwa sababu waya uliolegea hushuka sm 2 au 3 na mstari wote unaharibika.

Vishikizo vya waya vifungwe theluthi moja kutoka juu ya fremu, kwa skrubu na si misumari. Vikiwekwa juu sana waya utachungulia, vikiwekwa chini ya nusu picha itainamia mbele na kumtazama mteja miguuni. Fremu yenye upana wa zaidi ya sm 80 itundikwe kwenye skrubu mbili zilizoachana sm 25 hadi 30, vinginevyo lori zito likipita nje itapinda.

Ukuta wenyewe: plasta nyingi za huku zina mchanga mwingi na saruji kidogo, zinabomoka ukitoboa. Fisha (kile kiplastiki kinachoshika skrubu ndani ya tundu) ikiishia ndani ya plasta tu, itatoka na picha. Toboa milimita 6, ndani sm 5, ili fisha ipite plasta na ishike tofali. Skrubu iwe ya milimita 50. Bandika kwanza mkanda wa karatasi mahali pa kutoboa, plasta haitameguka pembeni.

Kama unabadilisha kazi mara kwa mara, kila zamu matundu 20 mapya ni uharibifu. Funga reli ya alumini au ubao wa 2 kwa 1 uliopigwa randa, chini kidogo ya dari kwa kuta ndefu zote, halafu picha zining'inie kwa waya mwembamba wa chuma. Unatoboa mara moja, basi.

---

Mwl. wa Sanaa

Fundi amemaliza vipimo. Mimi niongelee mpangilio.

Makosa mengi hutokana na kupanga kwa majina ya mitindo: huku Tingatinga, huku dhahania, huku batiki. Ukuta haujui majina hayo. Vinavyoamua ni viwili: uso wa picha unafanya nini na mwanga, na mtazamaji anatakiwa asimame umbali gani.

Tuanze na mwanga, maana chumba chako kina madirisha ya magharibi. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua linazama upande wa kaskazini ya magharibi, kwa hiyo miale ya saa kumi jioni inaingia kwa mshazari na kupiga ukuta wako wa kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi inageuka, inapiga ukuta wa kaskazini, ila miezi ya Desemba hadi Machi mawingu ya mvua hupunguza makali. Maana yake: batiki na karatasi zikae ukuta wa kaskazini wakati wa kiangazi, na mwishoni mwa Septemba uzihamishie ukuta wa kusini. Rangi za batiki ndizo dhaifu kuliko zote hapo kwako. Mkaa wenyewe haupauki, ila karatasi ya bei rahisi inageuka njano na kukatika kingo.

Ukuta wa mashariki, ule wa mlango, unatazamana na madirisha. Picha yenye mng'ao ukiiweka pale utaona dirisha na kivuli chako mwenyewe, picha hutaiona. Vilevile chochote chenye kioo. Pale weka kazi za dhahania za udongo. Hazing'ai, na wekundu wa udongo ni oksidi ya chuma, haupaukii juani. Ukitaka ushahidi nenda Kolo, Kondoa: michoro myekundu ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, imekaa kwenye mapango ya wazi kwa karne nyingi na bado inasomeka. (Tafadhali msiwaachie wageni wenu wanaokwenda huko wamwagie maji mwamba ili picha itoke vizuri kwenye simu. Maji huacha chumvi juu ya rangi.)

Tingatinga ni ya mng'ao, weka nusu ya mashariki ya ukuta mrefu. Mtu akiingia mlangoni na kutembea kuelekea madirishani, kazi za karibu na dirisha ndizo zinazorudisha mwako machoni mwake.

Umbali: picha kubwa ya mandhari itazamwe kutoka kama mara moja na nusu hadi mbili ya kipimo chake cha kona hadi kona. Ya sm 100 kwa 150 ina kona hadi kona sm 180, mtu anahitaji m 2.7 hadi 3.6. Chumba chako kina m 5, inatosha, mradi usiweke meza katikati. Tingatinga, mashetani na mkaa zina mambo madogo madogo, mtu husogea hadi m 1. Basi usitundike picha ya mandhari ikitazamana na kazi ndogo za mkaa: wa mandhari atarudi nyuma akimgonga wa mkaa aliyeinama. Pishanisha.

Ujirani wa rangi nao una sheria yake. Mkaa ukikaa sm 40 kutoka Tingatinga, unaonekana kama kazi ambayo haijakamilika. Jicho likishashiba wekundu na njano ya rangi ya mageti, kijivu chote kinakuwa uchafu. Acha kona ya chumba kati yake, au angalau m 1 ya ukuta mtupu. Mandhari ya kiangazi yenye rangi za nyasi kavu inakaa vizuri na mkaa. Batiki yenye samawati inakaa vizuri na udongo mwekundu.

Mwisho, Tingatinga na mashetani msiwaweke bega kwa bega. Wageni wengi huona vyote ni kitu kimoja na wanaondoka hivyo hivyo. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kwa mnyama au ndege mmoja mkubwa, rangi bapa, nyuma yake pakiwa patupu au na mmea mmoja. George Lilanga (1934–2005) alitoka kwenye uchongaji wa Kimakonde na kukulia kazini Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam. Mashetani wake wamesongamana, wanashikana, masikio makubwa, midomo minene, matumbo yametuna. Tofauti hiyo mtu anaiona akilinganisha kwa kutembea kutoka ukuta mmoja hadi wa pili.

---

Nala 14

Mwalimu, nakubaliana na mwanga, sikubaliani na kuwasambaza wachoraji. Mteja hununua jina. Akipenda picha moja anauliza "huyu ana nyingine?" Ukimwambia moja iko huku, nyingine kule mlangoni, ya tatu nyuma ya nguzo, umempoteza. Kila mchoraji awe na kazi tatu zinazofuatana, isipokuwa wa mandhari anayeweza kuwa na mbili kwa ukubwa wake. Na hiyo hesabu ya 20 inaingia vizuri: watano mara tatu ni 15, mandhari mbili, zinabaki nafasi tatu za kuchezea.

---

Mwl. wa Sanaa

Sawa Nala, tatu tatu ni utaratibu mzuri na haupingani na nilichosema. Nilikataa kuanza na jina, sikukataa kuwaweka pamoja. Ila hizo nafasi tatu za ziada usimpe anayelalamika sana. Mpe ambaye kazi zake ni ndogo.

---

Enameli

Nijibu la nailoni, ndilo la haraka.

Usivute sasa hivi na usipake tapentaini. Rangi ya mageti hukauka juu kwa saa chache, mkononi unaona imekauka, lakini ndani inaendelea kukomaa kwa wiki kadhaa. Ikifungwa nailoni kabla ya hapo, na ikapanda basi kutoka Dar kwenye buti la joto, uso unalainika na nailoni inazama. Dawa yake ni baridi. Laza picha mezani, uso juu, iache usiku kucha chumba chenye ubaridi. Alfajiri kabla jua halijapasha bati la paa, anza kona moja, kunja nailoni iende nyuma kabisa juu ya mgongo wake yenyewe, vuta polepole ikiwa imelala sambamba na picha. Ukiivuta kuja juu utang'oa rangi. Inapogoma acha, anza kona nyingine. Patakapobaki alama ya mikunjo mrudishie mchoraji mwenyewe agusie, maana rangi ya kopo jipya mara nyingi si ileile na fundi mwingine ataacha kiraka.

Mkipokea kazi mpya za mtindo huu, jaribu kwa kubonyeza ukucha ukingoni, sehemu inayofunikwa na fremu. Alama ikibaki, haijakomaa. Isubiri wiki tatu au nne ikiwa imetundikwa, halafu ndipo ifungwe, na kwanza iguswe na karatasi ya kuokea, nailoni ije juu ya karatasi. Ya kusafirishwa ikiwa imeviringishwa, uso uwe nje, kwenye bomba la maji la inchi 4 au 6. Watu huviringisha uso ndani wakidhani wanaulinda, kumbe rangi inajikunja na kufanya makunyanzi. Picha ya miaka mingi usiiviringishe kabisa, rangi imeshakuwa ngumu na itapasuka.

Kasoro za kukagua kabla ya kuipokea:

Mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyochemka: rangi imepakwa nene, juu imewahi kukauka kuliko chini. Hairekebishiki bila kupiga msasa na kurudia.

Rangi imekufa, haina mng'ao, ukipitisha kidole inaacha unga: imetiwa petroli au thina nyingi ili kopo moja lifanye kazi nyingi.

Nyufa ndefu kwenye anga tu, wanyama wazima: rangi ya maji iliyotangulia kupakwa chini haikukauka, au kitambaa hakikuvutwa vizuri. Utaratibu ni kuvuta marekani kwenye fremu, kupaka rangi nyeupe ya kuzibia, kuiacha ikauke, ndipo anga inayochanganywa rangi mbili au tatu zikiwa bado mbichi. Anga ikikauka kabisa ndipo mnyama anachorwa kwa chaki, anajazwa, na madoa na mistari huja mwisho. Aliyeruka hatua ya kusubiri utamkuta hapo kwenye anga.

Jambo jingine: nyeupe ya rangi hii hugeuka njano ikikaa gizani muda mrefu. Zile 18 za stoo zisikae kabatini mwaka mzima. Mzunguko wa wiki sita hadi nane aliosema Fundi unasaidia na hapo.

Na kwenye lebo, andika "mtindo wa Tingatinga" kisha jina la mchoraji wenu. Tingatinga mwenyewe alichora miaka minne tu, mengi juu ya vipande vya hadibodi, na saini yake imeigwa mno. Mteja akija na ubao wenye saini hiyo akitaka mmuuzie, msiupokee kwa maneno matupu ya kwamba ulinunuliwa zamani.

---

Ukuta Mweupe

Asanteni sana wakuu. Hilo la jua kubadilisha ukuta nilikuwa nalishuhudia bila kujua sababu.

Yamebaki matatu. Kazi za udongo zinaacha unga mwekundu sakafuni chini yake, na moja imetoa utando mweupe. Stoo yetu iko chumba cha nyuma, sakafu ya saruji, na mchwa wameshaonekana kwenye kizingiti. Na bei: kila mchoraji ana namna yake ya kukadiria, mwingine anataja kwa hasira ya siku hiyo.

---

Mwl. wa Sanaa

Unga mwekundu maana yake udongo umezidi gundi. Pitisha kitambaa cheupe cha pamba, kikavu, kidogo tu pembeni. Kikitoka na kivuli hafifu, iache. Kikitoka chekundu kabisa, irudi kwa mchoraji. Ashikize kwa gundi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji, apulizie ukungu mwembamba mara kadhaa na kila mara ikauke. Ajue mapema kwamba wekundu utakoza kidogo, kwa hiyo ajaribu kwenye kipande kingine. Kwa kazi mpya, udongo usizidi theluthi moja ya mchanganyiko, na upakwe tabaka nyembamba mbili au tatu. Tabaka moja nene hukauka na kupasuka mithili ya matope ya bwawa.

Utando mweupe ni chumvi. Udongo wa maeneo mengi ya huku una chumvi, Bahi watu wameipika tangu zamani. Udongo haukuoshwa. Achukue ndoo, udongo kidogo, maji mengi, akoroge, aache mchanga ushuke kwa dakika moja au mbili, amimine maji machafu kwenye ndoo ya pili. Hapo kwenye ndoo ya pili ndipo penye rangi nzuri. Aiache ituame usiku mzima, amwage maji ya juu, arudie kwa maji safi mara tatu. Akaushe, asage, achunge kwa kitambaa laini. Kwa picha iliyokwisha kutoa chumvi, futa kwa brashi kavu laini na uiweke mbali na unyevu. Usifute kwa kitambaa kibichi, utairudisha chumvi ndani na itatoka tena kwingine.

Mkaa, kama haujafungwa kioo, ufunge. Kioo kisiguse karatasi: weka kadibodi iliyokatwa dirisha, unene milimita 2 au zaidi. Na mwambie mchoraji aache kupulizia dawa ya nywele badala ya dawa ya kushikizia mkaa. Inageuka njano.

---

Fundi Fremu Dom

Mchwa. Kwanza muite mtu wa dawa ashughulikie kizingiti na msingi, picha zikiwa zimetolewa humo. Dawa isipuliziwe kwenye picha. Halafu tengeneza rafu ya nondo au bomba la chuma, siyo mbao, ghorofa ya chini iwe sm 15 kutoka sakafuni na rafu yote iachane na ukuta sm 5. Hiyo nafasi ni ya macho yako: njia za udongo za mchwa lazima zionekane zikipanda mguu wa chuma. Picha zisimame wima, uso kwa uso, mgongo kwa mgongo, kadibodi kati yake, kubwa zitangulie nyuma. Ukiegemeza ndogo kwenye kubwa bila kadibodi kati yake, kona yake itatoboa kitambaa cha ile kubwa.

Kila fremu ifungwe mgongo kwa kadibodi ngumu au hadibodi ya milimita 3, kwa skrubu fupi. Kazi ya mgongo huo ni tatu: vumbi, mtu anayesukuma kitambaa kwa kidole akibeba, na mijusi. Mjusi anapenda sana joto la nyuma ya picha, anataga humo, na mavi yake yakikaa kwenye kitambaa yanakula hadi mbele. Kona mbili za chini bandika vipande vya kizibo vya unene wa milimita 5 ili fremu iachane na ukuta na hewa ipite. Vizibo vya chupa za mvinyo vinakatika vizuri kwa wembe, na mji huu haujawahi kupungukiwa vizibo.

Mbao za kuvutia kitambaa: paini inayokuja kutoka Mufindi mara nyingi ina maji bado. Ukiiunga mbichi, kiangazi cha Dodoma kitaikausha na kona zitaachia, fremu itapinda kama propela. Ipangwe ndani ya nyumba kwa vijiti kati yake, mwezi au zaidi, ndipo ikatwe. Upande ukizidi sm 80 weka ubao wa kati. Acha kona bila gundi na utumie kabari, maana kitambaa kitalegea na kukaza kulingana na majira na utahitaji kukivuta. Kwa kazi za hadibodi, paka nyuma rangi mara moja pia. Iliyopakwa mbele tu hukunjamana.

Vumbi la Julai hadi Oktoba: usifagie kavu. Piga deki kwa dekio lililokamuliwa kabla ya kugusa picha yoyote, subiri nusu saa, ndipo ufute picha kwa brashi pana laini kutoka juu kwenda chini, picha ikiwa imeinamishwa mbele kidogo vumbi lidondoke. Tingatinga iliyokomaa inaruhusu kitambaa cha pamba kilichokamuliwa hasa. Mafuta, udongo, batiki: brashi tu. Mkaa: futa kioo, na unyunyizie maji kwenye kitambaa, siyo kwenye kioo, yatapenya chini ya fremu.

Taa ziwe za LED, rangi 3000K, na kwenye boksi tafuta CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi zilivyo) 90 kwenda juu. Ya bei rahisi ya 70 itaufanya wekundu wa udongo uonekane kahawia. Elekeza kutoka darini kwa mshazari wa nyuzi 30. Karatasi na batiki laksi (kipimo cha wingi wa mwanga) 50, picha za mafuta na akriliki 150 hadi 200. Programu ya simu haipimi kwa usahihi, lakini inatosha kukuonyesha kwamba ukuta mmoja una mara nne ya mwingine.

---

Hesabu za Galeri

La bei. Chagua kanuni moja kwa wote, kiwango kitofautiane kwa mchoraji. Wengi hutumia eneo: kimo mara upana mara kiwango. Tatizo lake ni hili. Chukua kiwango cha shilingi 60 kwa sm ya mraba. Picha ya 30 kwa 40 inakuwa sh 72,000, hailipi hata fremu na muda. Ya 120 kwa 160 inakuwa sh 1,152,000 na inakaa ukutani miaka. Tumia kimo jumlisha upana, mara kiwango. Kwa sh 2,000: ile ndogo ni sh 140,000, ya 60 kwa 80 ni sh 280,000, kubwa ni sh 560,000. Ngazi inapanda taratibu na unaweza kumweleza mteja kwa sentensi moja. Hivyo viwango ni vya mfano tu, wa kwenu mtakaa na kila mchoraji.

Wa mafuta apewe kiwango cha juu kidogo kwa sababu kazi yake inachelewa: vanishi ya mwisho husubiri miezi 6 hadi 12 rangi ikauke ndani. Mteja wa ofisi akitaka mapema, achukue bila vanishi na iandikwe kwenye risiti kwamba atairudisha kupakwa. Wa mkaa na batiki, gharama ya kioo na fremu itajwe pembeni, isichanganywe na bei ya kazi, la sivyo siku kioo kikipanda bei utalazimika kubishana naye upya.

Bei ya galeri na bei ya nyumbani kwa mchoraji lazima iwe moja. Hili liwe kwenye mkataba kwa herufi zinazosomeka. Mteja wa Dodoma anauliza, anapata namba ya simu, anakwenda kwa mchoraji Jumapili na kununua kwa nusu. Baada ya hapo hakuna atakayenunua kwenu.

Mkataba wenyewe ukurasa mmoja au miwili unatosha: orodha ya kazi na picha ya kila moja mbele na nyuma, vipimo (kimo kwanza), nyenzo, mwaka, hali ilivyopokelewa na mikwaruzo yake. Mgawanyo, tuseme 60 kwa mchoraji na 40 kwa galeri. Punguzo, hadi asilimia 10 mnagawana, zaidi ya hapo mnampigia simu kwanza. Malipo ndani ya siku 14 baada ya mteja kulipa. Muda wa miezi mitatu au sita, halafu hesabu. Kazi ikiharibika mikononi mwenu mnalipa sehemu ya mchoraji kamili. Hakimiliki inabaki kwake: sheria yetu ya mwaka 1999 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baadaye, kwa hiyo ofisi iliyonunua picha haijanunua haki ya kuichapa kwenye kalenda. Mweleze mteja hilo kabla hajalipa, na akiitaka kalenda mnamtoza kivyake.

Ofisi zikinunua zitadai risiti ya EFD, hakikisheni mashine ipo. Taasisi za serikali manunuzi yao hupita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kama galeri haijasajiliwa humo mtaishia kusifiwa tu.

---

Ukuta Mweupe

Nimechukua yote. Moja la mwisho kwa Enameli: nailoni ya kwanza imetoka salama leo alfajiri, ya pili imegoma katikati, mahali palipopakwa nyeupe.

---

Enameli

Nyeupe ndiyo hupakwa nene kuliko zote, ndiyo maana. Kata nailoni kuzunguka hapo kwa mkasi, iache kipande kidogo kimebaki, tundika picha nusu ya mashariki ya ukuta mrefu ambao jua halifiki kwa majira haya, mahali hewa inapopita. Baada ya wiki tatu jaribu tena alfajiri. Kama bado, mpelekee mchoraji na hicho kipande kikiwepo. Atapiga msasa wa namba 400 eneo hilo peke yake na kurudia tabaka mbili nyembamba, saa 24 kati yake.